SOMO LA WIKI: Kikao cha kwanza na mteja ndicho kinachopanga bei

Kazi ya kusanifu nembo, vifungashio na matangazo huanza kwa mtaji mdogo, ndiyo maana vijana wengi huiingia. Wanaoshindwa aghalabu hawashindwi kwa sababu ya kutojua kuchora. Hushindwa katika kikao cha kwanza na mteja, wanapoondoka wakiwa wamekubali kazi ambayo mipaka na malipo yake havikuwekwa wazi.

Mfano mzuri ni nembo ya Nike ya Marekani. Phil Knight, aliyekuwa na kampuni ya kuagiza viatu vya michezo kutoka Japani, aliwahi kufundisha uhasibu katika Chuo Kikuu cha Portland State. Hapo alimfahamu Carolyn Davidson, mwanafunzi wa usanifu, akawa anampa kazi ndogondogo kwa dola 2 kwa saa. Mwaka 1971 alimtaka achore alama ya viatu vipya: ikae ubavuni mwa kiatu, ioneshe mwendo, na isifanane na mistari ya Adidas. Davidson alileta michoro kadhaa. Knight hakuvutiwa sana na ule uliochaguliwa, ila muda ulikuwa umebana. Malipo yalikuwa dola 35.

Kwa upande wa kazi, maelezo hayo yalikuwa safi: msanifu alijua alama itakaa wapi, itasema nini na itashindana na nani. Kwa upande wa bei, zilihesabiwa saa tu. Nike iliuza hisa kwa umma mwaka 1980, na mwaka 1983 ikampa Davidson pete na hisa za kampuni. Hiyo ilikuwa shukrani, si deni. Anayeanza biashara asitegemee hisani, kwani hisani haina tarehe ya kulipwa.

Katika kikao cha kwanza, msanifu mgeni hana budi kuzingatia mambo yafuatayo:

Kwanza, asikilize kabla ya kuonesha. Aulize bidhaa ni ipi, mnunuzi ni nani na washindani ni akina nani. Asichore bure mezani. Mchoro ulioachwa kwa mteja waweza kuishia kwa mchapaji.

Pili, ajue mwenye kauli ya mwisho. Kazi iliyokubaliwa na meneja yaweza kukataliwa na mwenye mali.

Tatu, kiasi cha kazi kitajwe: michoro mingapi, marekebisho mara ngapi, na siku ya kukabidhi.

Nne, asitaje bei kwa pupa. Aombe muda hadi kesho, kisha ahesabu saa zote. Tuseme kuchora ni saa 12, vikao na safari saa 4, marekebisho saa 6; jumla ni 22. Anayetoza saa 12 tu amefanya kazi saa 10 bila malipo. Sehemu ya fedha ilipwe kabla ya kazi kuanza.

Tano, ielezwe mchoro utakuwa mali ya nani baada ya malipo, na iwapo mteja ataruhusiwa kuutumia kwa bidhaa nyingine.

Yote hayo yaandikwe katika ukurasa mmoja na kutiwa sahihi na pande zote mbili.

Mfanyabiashara anayeajiri msanifu asione maswali hayo kuwa usumbufu. Anayeulizwa mapema hupunguza hatari ya kuchapisha maboksi mara mbili.

Kosa kubwa la mgeni ni kusema, "Hii ni kazi yangu ya kwanza, nipe chochote." Mteja hukumbuka bei ya kwanza kuliko ubora wa kazi, na kuipandisha baadaye ni vigumu. Bei ya chini ikibidi, isemwe kuwa ni punguzo, na bei kamili iandikwe juu yake.