HESABU NA MIRATHI: TUICHAMBUE NAMBA 61,741,120



Wapenzi wanafunzi na wazazi wa Bukoba na Muleba, wengi wetu tukiona namba ndefu huiogopa. Katika somo hili tutaichambua namba moja inayotuhusu: 61,741,120. Hiyo ndiyo idadi ya watu wa Tanzania kwa Sensa ya Agosti 2022.

1. Tarakimu za mwisho
Namba yetu inaishia na 0, basi ni shufwa, na inagawanyika kwa 2, 5 na 10. Tarakimu tatu za mwisho ni 120, yaani 8 × 15. Kwa kuwa 1,000 hugawanyika kwa 8, namba yote nayo inagawanyika kwa 8.

2. Jumla ya tarakimu
6+1+7+4+1+1+2+0 = 22. Tukigawa 22 kwa 3, baki ni 1. Namba yetu nayo ikigawanywa kwa 3 inabaki 1. Sababu ni kwamba 10, 100, 1,000 na kuendelea, kila moja ikigawanywa kwa 3 hubaki 1.

3. Namba tasa zilizomo
61,741,120 = 2×2×2×2×2×2×5×7×43×641. Tazameni, 3 haimo. Hiyo 641 ina historia: mwaka 1732 Euler aliitumia kuonesha kwamba 4,294,967,297, iliyodhaniwa kuwa tasa, si tasa.

4. Faida yake katika mirathi
Tuchukulie marehemu ameacha shilingi 61,741,120 baada ya kutolewa madeni na wasia. Warithi ni mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa mujibu wa Surat An-Nisaa, aya ya 11 na 12, mke ana 1/8 na mama 1/6. Mtoto huchukua kilichobaki. Kigawe kidogo cha shirika cha 8 na 6 ni 24, hivyo:

Mke, hisa 3: sh. 7,717,640 kamili.
Mama, hisa 4: sh. 10,290,186 na theluthi mbili.
Mtoto, hisa 17: sh. 43,733,293 na theluthi moja.

Fungu la mke limetoka kamili kwa sababu 8 imo. Mengine yamekatika kwa sababu 3 haimo. Hapo warithi huridhiana juu ya shilingi moja. Lakini kibanja cha migomba na kahawa kikigawanywa kwa kukadiria macho, mjane au yatima anaweza kupoteza miguu mingi ya ardhi. Ndiyo maana Al-Khwarizmi, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, aliweka sehemu kubwa ya mirathi na wasia. Hesabu ni amana.

Zoezi: Sensa hiyo ilihesabu watu 2,989,299 mkoani Kagera. Je, namba hiyo inagawanyika kwa 3? Na kwa 9? Jibuni bila kikokotoo, kisha waelezeni wazazi nyumbani sababu yake.

Wabillahi tawfiq.