KOTI LA KUPANDIA BAISIKELI WAKATI WA KIPUPWE

Watu wa bara wakisikia kuwa sisi wa Bagamoyo twalalamikia baridi, hucheka, maana kwao pwani ni nchi ya joto na jasho tu. Wala hawakosei sana. Lakini mtu apandaye baisikeli alfajiri katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, umande ungali majanini, ajua ya kuwa baridi ya pwani nayo ni baridi. Basi leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, hasa walimu waendao shule za mbali na wachukuzi wa samaki, namna ya kuchagua koti lifaalo kwa safari hizo.

Kwanza yafaa tujue baridi hii yatoka wapi. Katika kipupwe hewa ya alfajiri hapa pwani hushuka hata kufika kadiri ya digrii 18 au 19. Kwa mtu aliyeketi barazani hiyo ni baraka. Lakini mwenye baisikeli hujitengenezea upepo wake mwenyewe. Akienda mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na upepo wa kilomita 10 ukimjia usoni, kifua chake chapigwa na upepo wa kilomita 25. Tena upepo wa kusi huvuma tangu Aprili hata Oktoba, na njia ya kutoka Bagamoyo kwenda Kiromo, Zinga na Kerege yaelekea kusini. Kwa hiyo mchukuzi wa samaki aukabili upepo kwa kifua, naye hali amelowa jasho. Jasho likikaushwa na upepo huondoa joto la mwili upesi sana.

Wako wasemao kuwa baridi hiyo huleta malaria. Sivyo. Malaria huletwa na mbu, wala koti si dawa yake. Hatari ya baridi kwa mpanda baisikeli ni nyingine: vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi huchelewa kukamata breki. Katika barabara yenye malori na mabasi, kuchelewa kidogo kwaweza kumgharimu mtu uhai wake.

Sisi wenyewe tulijifunza haya kwa hasara. Mwaka mmoja tulinunua koti zito, refu, lenye vifungo vinavyong'aa, kwa kuwa lilitupendeza machoni. Mikono yake ilipita vidole, na pindo lake lilifika magotini. Asubuhi ya tatu, tukiteremka mlima mdogo, pindo lilishikwa na gurudumu la nyuma, na tulipotaka kufunga breki mkono wa koti ulikuwa umeziba kiganja. Tulianguka mtaroni. Tulishukuru Mungu kuwa hapakuwa na gari nyuma yetu, lakini goti letu latukumbusha kila kipupwe. Tangu siku ile twaamini neno la wahenga kuwa si kila king'aacho ni dhahabu.

Sasa tutazame namna ya kupima. Usilipime koti hali umesimama wima kama askari. Vaa kwanza shati au sweta utakayoivaa safarini, kisha koti juu yake, halafu inama na kunyosha mikono mbele kama ushikaye usukani. Hapo angalia mambo manne. La kwanza, mikono ya koti ifike kwenye kifundo cha mkono, isipungue wala isizibe kiganja. La pili, mgongo ufunike kiuno hata unapoinama. Koti lililo refu kidogo nyuma kuliko mbele ndilo bora. Lakini lisipite makalio, maana likining'inia litaingia katika gurudumu. La tatu, mabega yasikubane unapovuta pumzi kwa nguvu. La nne, katika kifua pawe na nafasi ya kuingiza ngumi moja, basi. Ikizidi hapo, koti litajaa upepo kama tanga la jahazi, nawe utachoka bure.

Ukosi nao ufunge shingo vizuri, lakini uache nafasi ya vidole viwili. Ncha za mikono zikiwa na mpira au kifungo, upepo hautapanda hata kwapani.

Baada ya kipimo, kitambaa. Weka kinywa chako juu ya kitambaa upulize kwa nguvu, na kiganja chako kiwe upande wa pili. Ukisikia pumzi kiganjani, jua kuwa upepo nao utapita. Pamba ni nzuri ikiwa kavu, lakini ikilowa hushika maji na kukupoza mwili. Sufu huhifadhi joto hata ikilowa kidogo, kwa hiyo sweta ya sufu ndani ya koti jembamba lizuialo upepo ni bora kuliko koti moja zito. Nailoni huzuia upepo, lakini hufungia jasho ndani. Dawa yake ni zipu ndefu ya mbele: upandapo mlima uifungue, ushukapo au usimamapo uifunge. Ukiona baridi kidogo unapoondoka nyumbani, usiogope. Ukiondoka hali umeona joto, baada ya kilomita mbili utakuwa umelowa.

Walimu wahamishwao kwenda Lushoto, ambako ni kadiri ya mita 1,400 juu ya bahari, au Njombe, karibu na mita 2,000, wakumbuke kuwa hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6 kwa kila mita 1,000. Koti la Bagamoyo halitawatosha huko bila sweta nzito na glavu.

Katika soko la mitumba usitegemee namba iliyoshonwa shingoni, maana kila nchi ina vipimo vyake. Pima mwilini. Fungua na kufunga zipu mara tatu, kisha tazama mishono ya kwapani. Likiwa pana ubavuni, fundi cherehani aweza kulipunguza kwa fedha kidogo. Lakini likiwa fupi mikononi au likibana mabegani, liache, maana kuongeza ni kazi ngumu. Tena chagua rangi nyeupe au ya manjano, wala si nyeusi, ili wenye magari wakuone kungali giza. Koti jeusi ulilo nalo tayari lishonee mgongoni kitambaa cheupe, au kile kirudishacho mwanga wa taa.

Na asiye na fedha ya koti asikate tamaa. Wapanda baisikeli wa mashindano ya Ufaransa, yaliyoanza mwaka 1903, walikuwa wakiweka magazeti kifuani ndani ya shati waliposhuka milima yenye baridi. Karatasi huzuia upepo, nawe ukifika waweza kulisoma gazeti lako.

Mwisho twawaomba walimu wawafundishe watoto kipimo hiki cha kuinama na kushika usukani, nao wazee wa vijiji wawaonye vijana wachukuao samaki alfajiri. Koti la kuazima kwa jirani, lisilo kipimo chako, laweza kukuangusha. Na nguo ya kuazima haisitiri maungo. Tahadhari kabla ya hatari.