Chura Atagaye Mayai Mtini

Kutulo ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, kwenye njia itokayo Wajir kwenda El Wak. Nchi yake ni tambarare, yenye migunga na vichaka vya miiba. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 300 au pungufu, nayo huja kwa vipindi viwili: Gu, katika Aprili na Mei, na Deyr, ambayo huanza Oktoba. Katika kiangazi cha Jilaal mgeni akiambiwa kwamba nchi hii imejaa vyura, atadhani anafanyiwa mzaha. Lakini mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, mgeni huyo hatalala usiku kwa kelele zao.

Walikuwa wapi siku zote? Watu wengi, wala si wa Kutulo peke yao, husema kwamba vyura huanguka pamoja na mvua. Sivyo. Wengine hujifukia ardhini kwa miguu ya nyuma na kungoja huko miezi mingi, nao maji yakipatikana hutoka na kutaga humo majini kama vyura wa mahali pengine. Lakini wako wengine ambao hawajifukii wala hawatagi majini. Hao ndio vyura wa povu, na mambo yao yastahili kuelezwa kwa urefu.

Wataalamu huwaita vyura hawa Chiromantis. Katika nchi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia kuna aina mbili. Moja ilielezwa na Boulenger mwaka 1882, na ya pili na Boettger mwaka 1893. Vidole vyao vya mbele vimegawanyika viwili viwili, kila jozi ikielekea nyingine, hata waweza kushika kijiti kama mtu ashikavyo fimbo. Mchana wa kiangazi chura huyu hukaa wazi juu ya tawi, amekunja miguu chini ya tumbo, na ngozi yake hugeuka nyeupe kama chokaa ili irudishe nuru ya jua. Chura wa kawaida angekauka na kufa kabla ya adhuhuri. Mwaka 1970 mtaalamu J. P. Loveridge alieleza uchunguzi wake juu ya ndugu ya chura huyu akaaye kusini mwa Afrika: ngozi yake haipotezi maji ila kidogo sana, kama ya mjusi, na uchafu wa mwili wake hautoki kwa mkojo mwingi bali kwa namna ya uji mzito mweupe, kama wa ndege. Kwa njia hiyo huyaweka maji aliyo nayo.

Mvua ikiisha kujaza silanga, madume hukusanyika usiku kwenye matawi yanayoinama juu ya maji na kuanza kuita. Jike huja, na dume humshika mgongoni. Mara nyingi madume mengine nayo husogea na kubanana kando yake. Jike hutoa ute mwilini, kisha yeye na madume huupiga kwa miguu ya nyuma, kama mpishi apigavyo mayai katika bakuli, mpaka ute uumuke na kuwa povu jeupe. Ndani ya povu hilo jike hutaga mayai kwa mamia. Kazi hii huchukua saa nyingi na kumaliza maji ya mwili wake. Kwa hiyo mara nyingine huiacha katikati, akashuka silangani kunywa (naye hanywi kwa kinywa, bali kwa ngozi ya tumbo) kisha akapanda tena kuendelea. Kulipokucha, povu limening'inia tawini. Upande wa nje hukauka na kuwa gamba, lakini ndani hubaki unyevu, na mayai huwa salama na jua pamoja na wadudu walao mayai majini.

Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Viluwiluwi hucheza ndani ya povu hata likalainika upande wa chini, ndipo huanza kudondoka majini kama matone, mmoja mmoja au kwa makundi.

Hapo ndipo penye hatari. Silanga ya Kutulo hunywewa na ngamia, ng'ombe na mbuzi, na jua nalo hunywa sehemu yake. Ikiwa ukingo wa maji umerudi nyuma hatua mbili tangu usiku wa kutaga, viluwiluwi huanguka juu ya tope na kufa wote. Wale waliofika majini hushindana na wakati: hula ukungu wa kijani na mabaki ya majani, na yawapasa kupata miguu kabla maji hayajaisha. Katika nchi za baridi mambo ni hayo hayo kwa sura nyingine. Chura wa misitu ya Kanada na Alaska huganda wakati wa baridi hata moyo wake ukasimama. Theluji inapoyeyuka huamka na kwenda kutaga katika vidimbwi vyake, navyo vikakauka wakati wa kiangazi.

Kati ya mwaka 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu hizi. Mifugo mingi ilikufa, na silanga zikawa vumbi. Mwisho wa 2023 Deyr ikarudi kwa mafuriko.

Lakini maji peke yake hayatoshi. Watu hukata migunga ya ukingoni kujengea maboma ya miiba, kwa kuwa ndiyo iliyo karibu, na silanga zinazochimbwa kwa mashine huachwa bila mti hata mmoja. Ndugu zao wa kusini huonekana wakitaga hata kwenye ukuta wa birika, lakini tawi lililoinama katikati ya maji ndilo bora, maana ukingo ukirudi nyuma, chini yake bado pana maji.

Kiluwiluwi aliyepona huota miguu, akatoka majini na mkia wake ungali haujaisha, akatafuta kijiti cha kwanza kilicho karibu na kupanda.