Somo la Kinanda: Ukurasa Mmoja wa Chopin

Mwaka huu nimeombwa kuandika juu ya muziki, nami nimechagua ukurasa mmoja tu wa noti, kwa sababu ndio ninaoujua vizuri. Niliupata kwa binamu yangu anayesoma Homa Bay. Yeye hupiga kinanda kanisani kwao, mimi hupiga hapa Migori, na hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na mwalimu wa piano. Kila likizo tulikuwa tukikutana kwa nyanya, karibu na Rongo, tukibadilishana karatasi za fotokopi. Wewe unanipa hii, nami nakupa ile, kisha kila mtu anarudi kwao kujaribu.

Karatasi yenyewe ni Prelude namba 4 ya Frédéric Chopin, mtunzi aliyezaliwa Poland akafia Paris mwaka wa 1849. Wenzangu bwenini waliposikia ni muziki wa Kiromantiki walicheka, wakidhani ni nyimbo za mapenzi. Sivyo. Ni muziki wa karne ya 19, wakati watunzi wa Ulaya walipotanguliza hisia za mtu binafsi, ziwe huzuni au furaha. Katika fasihi mkondo huo huitwa ulimbwende. Jina hilo mimi halinikai vizuri, maana mlimbwende ninayemjua ni yule anayechana nywele mara tatu kabla ya paredi.

Chopin alikamilisha prelude zake 24 katika kisiwa cha Majorca, Uhispania, majira ya baridi ya 1838 na 1839. Alikuwa mgonjwa. Piano nzuri aliyoagiza kutoka Paris ilichelewa, ikakwama kwa watu wa forodha, na kwa majuma mengi alitumia piano duni ya pale pale kisiwani. Basi anayesema kwamba kinanda cha kanisa ni kibovu mno kwa Chopin, nampa habari hii.

Hata hivyo shida zipo, tusidanganyane. Piano ina vitufe 88. Kinanda chetu kina 61. Hakina pedali. Tena, ukibonyeza polepole au kwa nguvu, sauti ni ile ile. Katika prelude hii mkono wa kulia una kazi ndogo: unashika noti ya B kwa muda mrefu, unagusa C, unarudi B. Mkono wa kushoto ndio unaopiga noti tatu kwa pamoja, mara nane katika kila baa. (Baa ni kile kipande kidogo kati ya mstari na mstari. Si baa ya pombe wala baa la njaa.) Kwenye kinanda chetu mkono huo ulikuwa ukinguruma kama posho mill, na ule wa kulia hausikiki kabisa.

Binamu ndiye aliyepata dawa. Weka sauti ya ogani badala ya piano, kisha usirudierudie zile noti tatu. Zishike. Mtunzi anapobadilisha noti moja, inua kidole kimoja tu, ukishushe kwenye kitufe cha jirani, na vingine vibaki vilipo. Anza na G, B na E, uendelee hivyo hivyo bila haraka. Hapo utasikia jambo ambalo sisi hatukulisikia kwa miezi mitatu: wimbo wote ni kushuka. Noti zinateremka moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Kuanzia baa ya 16 mwendo unasonga na sauti inapanda; usikimbie. Zile noti za chini kabisa ambazo kinanda hakina, zipige oktevu moja juu. Karibu na mwisho, kwenye baa ya 23, kuna kimya. Kisha noti za mwisho mara tatu, polepole, basi. Baa zote ni 25.

Hiyo ogani si uzushi wetu. Katika mazishi ya Chopin, tarehe 30 Oktoba 1849, prelude hii ilipigwa kwa ogani katika kanisa la Madeleine, Paris.

Nyanya yetu alifariki mwezi wa Aprili. Kinanda kiliwekwa chini ya hema, jenereta ikiunguruma nyuma ya nyumba, nami nikaipiga prelude kabla ya mahubiri. Nilipofika kwenye kile kimya, mzee mmoja wa kanisa alidhani nimemaliza, akasimama kutangaza. Binamu alimshika mkono wa koti. Akaketi. Nikapiga zile tatu za mwisho mikono ikinitetemeka.

Baadaye mzee alinijia akiwa na kitabu cha nyimbo.

"Mwanangu, ule wimbo ni namba ngapi?"

"Namba nne, baba."

Akaufungua wa nne, akautazama sana, akanitazama mimi.

Nakala ninazo. Chopin alikufa zamani na noti zake hazina mwenyewe tena, kwa hivyo kunakili si wizi. Anayeitaka anitafute chumba cha muziki siku ya Jumatano baada ya michezo, aje na pesa za fotokopi, na kama ana karatasi ambayo mimi sina, aje nayo pia.