Mbwa wa mpangaji amekuwa mlinzi wetu, nimruhusu?

*Shangazi, mimi ni mjane, nina nyumba ya vyumba sita hapa Tabata, uwanja mmoja, choo na bafu vya pamoja. Mapema mwaka huu kijana wa chumba cha mwisho, aliyelipa kodi ya mwaka mzima, alikuja na kimbwa ndani ya boksi. Nikanyamaza. Sasa ni jibwa, mchana linajilaza mlangoni pa choo. Mama mmoja mwenye watoto wawili wadogo, amekaa kwangu miaka minne, anasema atahama. Mpangaji mwingine, mswalihina, kutwa anaosha ndoo zake. Lakini nisikufiche, tangu mbwa huyo aje hakuna aliyeibiwa hata kandambili, na zamani wezi walikuwa wanatuanulia nguo kambani. Mwanangu anasema tumtupie nyama yenye sumu, yaishe kimyakimya. Mkataba hautaji mifugo. Nifanyeje?*
*Mama Mwenye Nyumba*



Nianze na mwanao, maana lake haliwezi kungoja. Hiyo nyama asiiguse. Sumu ikishatupwa uwanjani haichagui: ataidonoa kuku wa jirani, au ataiokota mmoja wa hao watoto wadogo. Mbwa yule ana mwenyewe, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili wa namna hiyo. Kijana akienda polisi, atakayeitwa kujieleza ni wewe mwenye nyumba.

Sasa tuje kwako. Umeandika kama mtu anayesumbuliwa na mbwa, lakini mimi nimesoma barua ya mtu anayemtaka. Umepata mlinzi asiyedai mshahara, chakula ananunua mwingine, na lawama zinamwangukia huyohuyo mwingine. Ndiyo maana umenyamaza miezi yote hiyo. Mama, hapo hujawatendea haki wapangaji wako, kijana akiwa mmojawapo.

Ingekuwa nyumba ya kujitegemea, yenye geti lake, ningesema mwache afuge. Akikwaruza milango, mwenyewe atalipia. Lakini kwenye uwanja mmoja na bomba moja, mbwa wa chumba cha mwisho ni mbwa wa vyumba vyote sita. Kibali chake huwezi kukitoa peke yako.

Na yule mama hadeki. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa, hadi asilimia 99, wanaambukizwa na mbwa, na kati ya kila watu kumi wanaoumwa na mnyama anayeshukiwa kuwa nacho, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishajitokeza, kupona ni kama hakuna. Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa kijana liwe: kadi ya chanjo iko wapi? Kama hana, ampeleke kwa mtaalamu wa mifugo wiki hii. Na wote hapo nyumbani wajue: mtu akiumwa, hata mkwaruzo tu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msianze kupaka majani wala kungoja kuona mbwa atakuwaje.

Mswalihina wako naye ana hoja. Kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mbwa wa ulinzi hajakatazwa. Kinachomchosha ni mbwa kuzurura bombani. Analipa kodi kama wenzake, iweje asubuhi aanze kwa kutafuta udongo?

Jumapili hii waite wote mkae uwanjani. Sema wazi kwamba ulinzi umeuona na umeupenda. Kisha weka masharti: banda la nyuma, mchana afungwe, afunguliwe usiku watu wakishaingia ndani, kinyesi kizolewe kabla watoto hawajaamka, na kijana akisafiri ijulikane nani anamlisha. Fedha za banda na chanjo uchangie na wewe, mama, maana unafaidi. Halafu muulize kila mmoja. Yule mama akikataa hata baada ya hayo, mbwa aondoke. Wanne wakisema ndiyo haisaidii kitu, kwani watoto ni wa kwake.

Asiondoke kesho, lakini. Ulinyamaza, na kimya chako kijana alikichukua kuwa ruhusa. Mpe mwezi mmoja amtafutie mbwa makazi. Akiamua kuhama naye, mrudishie kodi iliyobaki, hata kama umeshainunulia mabati. Taa mbili za nje na geti linalofungwa kwa kufuli zitapunguza wizi kwa kiasi. Sikudanganyi kwamba zitabweka.

Mikataba mipya usichukue ile iliyochapwa tayari ya dukani. Ongeza mstari mmoja kwa mkono, mpangaji asaini mbele ya mjumbe: mfugo wowote, kwa idhini ya maandishi ya mwenye nyumba na wapangaji wenzake. Nasema wowote kwa sababu ukiandika mbwa tu, atakuja mwingine na bata.