Mtoto Asiyerefuka na Usingizi Wake: Somo kwa Wahudumu na Wazazi wa Handeni na Korogwe

Katika zahanati za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, mtoto hupimwa kliniki hadi atimizapo miaka 5. Baada ya hapo ni nadra mtu kumpima urefu tena. Hata hivyo, upungufu wa homoni ya ukuaji mara nyingi hudhihirika polepole, naye mtoto huonekana tu kuwa mfupi kuliko wenzake darasani. Somo hili linaeleza kwa nini, tunapompima urefu mtoto wa namna hiyo, yafaa pia tuulize habari za usingizi wake.

Homoni ya ukuaji hutolewa na tezi ya pituitari, yenye ukubwa wa punje ya mbaazi, iliyo chini ya ubongo. Haitoki mfululizo, bali kwa vipindi. Mwaka 1968 Takahashi, Kipnis na Daughaday, watafiti waliokuwa Marekani, walionesha kwamba kipindi kikubwa hutokea mapema usiku, mtu aingiapo katika usingizi mzito. Homoni hiyo huliamuru ini litoe kichocheo kiitwacho IGF-1, ambacho husaidia kuirefusha mifupa.

Kutokana na hayo, kipimo kimoja cha homoni hii kilichochukuliwa mchana hakitoshi kuthibitisha upungufu, kwa kuwa hata mtoto mzima huweza kukutwa nayo kidogo sana. Uthibitisho huhitaji kupima IGF-1 pamoja na vipimo maalumu vya kuichochea tezi.

Aidha, usingizi unaokatika-katika kila usiku waweza kudhoofisha ukuaji. Mtoto mwenye mafindofindo makubwa au nyama za puani hukoroma, pumzi hukatika, naye hushtuka mara kwa mara. Imeonekana kwamba watoto wengi wa aina hii huongeza kasi ya kukua, na IGF-1 yao hupanda, baada ya kufanyiwa upasuaji wa kuondoa vizuizi hivyo. Mzazi asihofu kwa sababu ya kukesha siku moja au mbili. Tatizo ni lile la miezi na miaka.

Upungufu wenyewe nao huandamana na matatizo ya usingizi. Wagonjwa, hasa watu wazima, hulalamika kuwa huamka wamechoka. Tiba ni sindano ya homoni, ambayo kwa kawaida hudungwa jioni ili kufuata mwendo wa mwili. Mtoto anayekoroma achunguzwe kabla ya kuanza tiba hiyo, kwani yaweza kukuza mafindofindo.

Mhudumu akumbuke kwamba ufupi mwingi una sababu nyingine. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5. Basi chunguza kwanza lishe, minyoo, malaria ya mara kwa mara, kifua kikuu, VVU na selimundu. Selimundu huweza kuchelewesha ukuaji na pia kuvuruga pumzi usingizini.

Kisha fanya haya:

1. Pima urefu, rudia baada ya miezi 6, na uandike. Kuanzia miaka 4 hadi kabla ya kubalehe, mtoto hurefuka takribani sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Chini ya 4 ni dalili ya kumpeleka mbele.
2. Muulize mzazi: Je, hukoroma karibu kila usiku? Pumzi hukatika? Husinzia darasani?
3. Tazama koo.
4. Maumivu ya kichwa yenye kutapika asubuhi, macho kufifia au kiu isiyoisha ni sababu ya rufaa ya haraka, kwani huenda pana uvimbe karibu na tezi.

Rufaa huanzia hospitali ya wilaya, kisha Bombo jijini Tanga, na ikibidi Muhimbili.

Ndugu mzazi, tunza kadi ya kliniki hata baada ya miaka 5, wala usinunue dawa za kurefusha mwili. Mifupa hufunga baada ya kubalehe, na urefu uliokosekana kufikia hapo haurudishwi na sindano yoyote.