Guangzhou kwa Mwenye Ndugu Huko

Ukitangaza tu kwamba unakwenda Guangzhou kumwona dada au kaka, orodha ya vitu vya kuletewa hukufikia kabla ya viza. Shangazi anataka mapazia, jirani anataka simu, wifi ametuma picha ya kiatu. Pokea kwa adabu, usiahidi. Aliyekwenda kufunga mzigo na aliyekwenda kuona ndugu hawapiti mitaa ileile, wala hawaamki wakati mmoja.

Viza kwanza. Kama mwenyeji wako ni mgeni anayefanya kazi au kusoma China, utaomba S2, ya matembezi yasiyozidi siku 180. Kama ni raia wa China au ana ukaazi wa kudumu, utaomba Q2. Kwa S2 andaa barua yake ya mwaliko, nakala ya pasipoti na kibali chake cha kuishi, na uthibitisho wa undugu, yaani cheti cha kuzaliwa au cha ndoa. Mume, mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa nao, babu, bibi, wajukuu na wakwe wanatambuliwa. Binamu hamo, hata kama mmelelewa nyumba moja. Huyo aombe viza ya utalii.

Ukilala nyumbani kwa mwenyeji na si hotelini, sheria inakutaka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24 tangu ufike. Hotelini wanakufanyia wenyewe. Nyumbani ni juu yenu: pasipoti yako, na kwa kawaida mkataba wa nyumba na kitambulisho cha mwenyeji. Uchovu wa safari si udhuru, na faini ikija, usumbufu mkubwa utabaki kwa ndugu yako anayeendelea kuishi pale.

Zawadi za kupeleka: majani ya chai na kahawa iliyokaangwa havina shida. Nyama, mayai, matunda na mboga mbichi hukamatwa uwanjani, kwa hiyo maembe ya mama yaliwe nyumbani.

Simu iandae kabla ya kupanda ndege. WhatsApp na Google zimefungwa kwenye intaneti ya China, ingawa laini ya nyumbani ikiwa na huduma ya kutumika nje kwa kawaida huzifungua. Pakua WeChat na Alipay, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, hakikisha zimekubali. Malipo yanayozidi yuani 200 hukatwa asilimia 3 kwa kadi ya nje. Noti bado ni halali, lakini muuza maandazi ya mvuke huenda hana chenji. Beba na adapta, maana plagi zetu za miguu mitatu minene haziingii kwenye soketi za kule.

Sasa mitaa. Siku ya kwanza nenda Beijing Lu, mtaa wa waenda kwa miguu katikati ya mji, wenye kituo chake cha treni ya chini ya ardhi kwenye laini ya 6. Katikati yake kuna vioo vilivyofunika tabaka za barabara za kale zilizofukuliwa mwaka 2002. Unanunua soksi huku miguuni pako kuna barabara ya enzi ya Tang. Bei za maduka ya pale zimeandikwa, mazungumzo ni machache. Kwa macho yangu, Shangxiajiu huko Liwan ni pazuri zaidi: ghorofa za zamani zimetokeza juu ya njia ya miguu, kwa hiyo mvua ikinyesha unaendelea kutembea. Shuka Changshou Lu, laini ya 1, na uende na njaa.

Yide Lu ndiyo mahali pa kumaliza ile orodha ya nyumbani: midoli, mapambo, vifaa vya shule, samaki na kamba waliokaushwa. Kanisa kuu la mawe lililokamilika mwaka 1888 liko hapohapo, na ua wake unafaa kupumzikia. Shisanhang, ambako Wazungu walilazimika kufanyia biashara zao za baharini na China kati ya 1757 na 1842, leo ni nguo za jumla tupu. Ni Kariakoo iliyoamka mapema zaidi: mikokoteni inakimbia, wauzaji hawana muda na mtu wa blauzi moja, na mchana wameshaanza kufunga. Nenda uone, usitegemee kununua.

Maeneo ya Xiaobei, kituo cha laini ya 5, utasikia Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu katika mtaa mmoja, na jengo la Tianxiu linajulikana kwa wafanyabiashara wa Kiafrika. Migahawa ya halali ni mingi. Kwa sala ya Ijumaa, msikiti wa Huaisheng uko katikati ya mji, na ule wa Xianxian uko jirani na kaburi linalonasibishwa na Saad bin Abi Waqqas.

Sokoni angalia jambo moja: bei ya matunda, chai na samaki wakavu mara nyingi huandikwa kwa jin, ambayo ni nusu kilo. Ukidhani ni kilo utalipa mara mbili ya ulichopanga. Muuzaji atakuandikia bei kwenye kikokotoo, nawe andika yako, bila hasira. Akikuonyesha kidole gumba na kidole cha mwisho, anasema sita. Nguo zijaribu, kwa kuwa saizi zao ni ndogo kuliko zetu. Vitu vyenye nembo bandia viache. Forodha ya kwenu inaweza kuvitaifisha.

Mwenyeji anafanya kazi. Usimgeuze kiongozi wa msafara kila siku. Mwombe akuandikie anwani ya nyumbani kwa Kichina, kisha jifunze treni mwenyewe.

Kuhusu majira, epuka Mwaka Mpya wa Kichina, maana masoko ya jumla hufunga na wafanyakazi hurudi kwao. Epuka pia wiki za Maonyesho ya Canton, yaani maonyesho ya biashara ya mji huu, Aprili hadi mapema Mei na Oktoba hadi mapema Novemba, vyumba vinapopanda bei. Ukiweza kuchagua, nenda kati ya mwisho wa Novemba na Desemba: mvua ni chache, joto limeshuka, na ndugu yako atakuwa na nafasi kidogo ya kukaa nawe.